"Hali ya Hatari": Juu ya Neno Moja la Kiingereza na Tafsiri Yake

Kila lugha ina maneno yake ya kutajia nyakati ngumu, na Kiswahili si maskini katika jambo hili. Twasema dhiki, shida, taabu, mashaka, msukosuko, baa, janga, na kila moja la maneno haya lina mahali pake: dhiki hubana, shida hukosesha, baa hushuka, na janga huwakumba wengi kwa pamoja. Maneno haya yote yafanana kwa jambo moja, nalo ni kwamba hutamkwa kwanza na mtu aliyepatwa. Mwenye mamlaka huja kuyasema baadaye, pengine kwa kuchelewa sana. Lakini liko neno la Kiingereza la nyakati ngumu ambalo hutamkwa kwanza na mwenye mamlaka, kisha ndipo hupatwa nalo asiye na mamlaka. Neno hilo ni "emergency". Nakusudia hapa kulipima neno hilo, na kuipima zaidi tafsiri yake tuliyoizoea, yaani "hali ya hatari". Naona ya kuwa tafsiri hiyo, ijapokuwa ni Kiswahili safi kisicho na kasoro ya sarufi, imebeba ushahidi wa upande mmoja wa kesi, nasi twautoa ushahidi huo katika vitabu vyetu bila ya kujua kwamba tumesimama kizimbani.

Asili ya neno la Kiingereza ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kuibuka, kama kitu kilichozama kiibukavyo juu ya maji. Kwa hiyo "emergency" ni jambo lililozuka pasipo kutazamiwa, nalo lataka kushughulikiwa upesi. Katika mazungumzo ya kila siku Waingereza hulitumia kwa mambo mengi yasiyohusu siasa hata kidogo: ugonjwa wa ghafula, mlango wa kutokea moto ukiwaka, breki ya gari la moshi. Ni neno la haraka kuliko kuwa neno la hofu. Halisemi ni kitu gani kilichozuka, wala ni nani aliyekizusha. Hapa Kiswahili kina werevu wake, kwa kuwa kutoka zuka twapata zusha, na kutoka zusha twapata uzushi. Mtu akituambia kuwa jambo limezuka, twaweza kumwuliza papo hapo kama limezuka au limezushwa. Swali hilo halikuulizwa siku neno lilipotafsiriwa.

Utupu huo wa maana ndio uliolifanya neno lipendwe na watawala. Uingereza ilitangaza "emergency" katika Malaya mwaka 1948, katika Kenya mwaka 1952, katika Cyprus mwaka 1955, katika Nyasaland mwaka 1959. Zanzibar nayo ilipata sehemu yake mwaka 1961, baada ya ghasia za uchaguzi wa Juni zilizoua watu 68. Katika Malaya na Kenya palikuwa na majeshi, na ndege zilizotupa mabomu misituni, na maiti kwa maelfu, na mtu yeyote asiyekuwa na sababu ya kusema vinginevyo angesema kwamba ni vita. Lakini vita ni neno lenye gharama katika sheria. Aliyekamatwa na bunduki vitani aweza kudai haki za mateka. Aliyekamatwa na bunduki katika "emergency" ni mhalifu tu, na kanuni za Kenya za wakati ule zilifanya hata kukutwa na silaha au risasi kuwa kosa la kunyongewa. Mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa hukumu za mahakama kwa sababu ya Mau Mau. Raia wa Kizungu waliouawa katika miaka yote hiyo walikuwa 32. Siziweki hesabu hizi mbili pamoja ili nipime uchungu wa kifo kimoja kwa kingine. Naziweka kwa sababu swali langu ni la lugha: ikiwa neno letu ni hatari, hatari hiyo ilikuwa ya nani?

Tulitazame basi neno moja moja. "Hali" kwa Kiswahili ni namna kitu kilivyo chenyewe. Twaulizana hali kila asubuhi. Twasema hali ya hewa, hali ya mgonjwa, hali ya maisha. Hali haifanywi na mtu mmoja kwa kalamu yake. Huwako, hubadilika, hupoa, huzidi, na sisi twaiangalia. Na mseto huu wote wa maneno matatu, "hali ya hatari", tayari una kazi yake nyumbani: ndio tunaousema juu ya mgonjwa aliyekaribia kufa. "Yuko katika hali ya hatari," husema daktari, na jamaa huanza kukusanyika. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili aambiwapo kwamba nchi imo katika hali ya hatari, kabla hajafikiri lolote amekwisha kuiona nchi kama mgonjwa kitandani. Na kama nchi ni mgonjwa, basi aliyesema hivyo ndiye tabibu, na dawa yake, hata iwe chungu namna gani, ni dawa. Kiingereza hakikuwa na picha hiyo. Tumemwongezea gavana koti jeupe ambalo mwenyewe hakuliomba.

"Hatari" nayo ni neno zito kupita "emergency". Asili yake ni Kiarabu, na kwetu ni neno la maonyo: laandikwa juu ya nguzo za umeme pamoja na fuvu la kichwa, kwa herufi nyekundu, ili mtoto asipande. Kibao cha namna hiyo chaeleweka, kwa sababu msomaji amwona adui wake, ambaye ni umeme, na ajijua ni nani anayeonywa, ambaye ni yeye. Kiswahili kizuri hutaka yote mawili. Twasema hatari ya moto, twasema hatari kwa watoto. Katika "hali ya hatari" hapana hata moja. Neno limesimama peke yake, na kwa kuwa limesimama peke yake kila mtu hulijaza kwa alivyofundishwa. Mlowezi wa Nyeri alijua kwamba hatari yatoka msituni. Mwanamke wa Kikuyu aliyebomolewa nyumba yake mwaka 1954 au 1955, akawa mmoja wa watu zaidi ya milioni 1 waliohamishiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na miiba, yeye naye aliijua hatari, lakini haikuwa ile ile. Tafsiri moja imewafunika wote wawili, na anayeonekana chini ya kifuniko ni yule wa kwanza.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, halimo katika jina bali katika kitenzi kinachofuatana nalo. Kwa Kiingereza, aliye na uwezo akisema kwamba atangaza vita au atangaza "emergency", tamko lenyewe ndilo linaloleta kitu hicho. Kabla ya kusema hakikuwako kisheria, baada ya kusema kiko. Lakini "kutangaza" kwa Kiswahili ni kueneza habari ya jambo lililopo. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, wala si mbiu iliyolizaa jambo hilo. Kwa hiyo "gavana alitangaza hali ya hatari" yasikika masikioni mwetu kama kusema kwamba hatari ilikuwako tayari na gavana akawa mpiga mbiu, mtu mwema anayetuamsha. Mambo yalivyokwenda ni kinyume cha hivyo. Sir Evelyn Baring alitia saini tarehe 20 Oktoba 1952. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Jomo Kenyatta na viongozi wengine wengi wakakamatwa. Habari zikatolewa kwa watu baadaye. Saini ilitangulia mbiu. Labda ingefaa kusema kwamba gavana "aliitia nchi katika hali ya hatari", ila wasomaji wataona mara moja ni kwa nini hakuna afisa wa habari ambaye angeikubali sentensi hiyo, ijapokuwa ingekuwa karibu zaidi na kweli.

Watu wenyewe walifanya nini na neno hili? Jambo hili halijaangaliwa vya kutosha na wanaochunguza lugha. Walikuwa na tafsiri mbele yao, na wengi hawakuitumia. Wakikuyu walilichukua neno lenyewe la Kiingereza wakalitia katika matamshi yao, likawa "imanjenthi". Na katika Kiswahili cha Nairobi na cha mashambani husikika "emajensi". Mtu husema kwamba alizaliwa wakati wa emajensi, au shamba lilichukuliwa wakati wa emajensi. Ndivyo walivyofanya pia kwa "pasibuku". Lakini kwa vitu vingine vya utawala ule ule hawakuona haja ya kukopa: "kipande" ni Kiswahili, na "kizuizini" ni Kiswahili, tena Kiswahili kizuri sana, maana chasema hasa mtu alikowekwa na alichofanyiwa. Kwa nini basi walikopa jina la wakati wenyewe? Nadhani ni kwa sababu walilielewa. Walijua kwamba si hali, kwa kuwa ilianza siku moja kwa amri na ikaisha siku moja kwa amri, tarehe 12 Januari 1960. Wala si hatari, kwa kuwa hatari walizokuwa nazo wao zilikuwa na majina yake. Ni kitu kilicholetwa na mwenye nacho, na kitu cha kigeni huitwa kwa jina lake la kigeni. Mwenye kudharau maneno ya kukopa na kuyaita uvivu wa wasemaji angefaa kulitafakari hili. Hapa mkopaji ndiye aliyekuwa mchunguzi, na mtafsiri ndiye aliyesinzia.

Watunzi wa riwaya nao hawakusita. P. M. Kareithi alipotoa Kaburi Bila Msalaba mwaka 1969, alikuwa akisimulia vita vya Mau Mau, na hivyo ndivyo wasomaji wa Kiswahili walivyoendelea kuviita. Serikali ya Uingereza haikuliacha neno lake. Hata tarehe 6 Juni 2013, waziri William Hague alipolieleza Bunge la London kwamba watu 5,228 watalipwa jumla ya pauni milioni 19.9 kwa mateso waliyotendewa, miaka ile ilikuwa bado ikiitwa kwa jina lile lile la 1952.

Yuko atakayesema: basi tuache "hatari" tuseme "dharura", kama hospitali zisemavyo, na mabasi, na simu. Neno hili lastahili kutazamwa kwa heshima, kwa kuwa lina elimu ndani yake. Dharura latoka katika shina la Kiarabu linalotupa pia madhara, na katika fikihi ni neno la kipimo. Kila aliyesoma chuoni pwani aujua mfano wa mtu aliye nyikani na njaa, asiye na chakula ila nyamafu. Amehalalishiwa kula kwa sababu ya dharura. Lakini amehalalishiwa kile tu cha kuizuia roho yake isitoke, si kula akashiba na kufunga kingine nguoni, na akifika penye chakula halali ruhusa yake imekwisha. Dharura, kwa maana hiyo, haijitoshi yenyewe. Mwenye kuidai hana budi kuithibitisha, na mkono wake wapimwa. Hatari haina kipimo cha namna hiyo. Mwenye kudai hatari husadikiwa kwanza, na anayebisha ndiye aonekanaye kuwa mjinga au mshiriki.

Tupime Kenya kwa kipimo hicho. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 akanyongwa tarehe 18 Februari 1957, na vita vya msituni vilikuwa vimekwisha kwa sehemu kubwa. Kama madaraka yale yangeitwa ya dharura kwa maana ya chuoni, mtu angeweza kuuliza siku ile: mna chakula halali sasa, mbona bado mwala nyamafu? "Hali ya hatari" iliendelea miaka mitatu zaidi, na ni ndani ya miaka hiyo, tarehe 3 Machi 1959, ndipo wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Wala jambo hili si la Wazungu peke yao. Serikali ya Kenya huru ilitangaza hali ya hatari katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki mnamo Disemba 1963, vita vya Washifta vilipokuwa vikianza. Vita vile vilikoma mwaka 1967. Amri haikuondolewa ila mwaka 1991. Mtoto aliyezaliwa Wajir siku ya kutangazwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake siku ya kuondolewa, na katikati hapo yakapita mauaji ya Wagalla ya Februari 1984. Hali inayodumu miaka 27 na zaidi si hali tena, ni utawala. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuturuhusu tusilione hilo.

Hata hivyo sikubali kwamba "dharura" liwekwe tu mahali pa "hatari" na shauri likaisha. Maneno huchakaa, na hili limechakaa upande mmoja. Mfanyakazi aliyechelewa husema amepata dharura, na pengine dharura yenyewe ni usingizi. Miswada hupelekwa Bungeni kwa hati ya dharura, ambapo maana yake imekuwa haraka, si ulazima. Neno la fikihi limeshuka likawa udhuru. Na magazeti na redio zetu, hasa tangu ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, zimekuwa zikiandika mara hali ya hatari, mara hali ya dharura, mara hali ya tahadhari, kana kwamba ni nguo tatu za mtu mmoja. La mwisho ndilo baya kuliko yote. Tahadhari ni jambo nilifanyalo mimi kwa hiari yangu. Amri ya kunifungia ndani si tahadhari yangu. Katika Kongo, ambako amri ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ilianza tarehe 6 Mei 2021 kwa siku 30, kisha ikaongezwa tena na tena kwa miaka, jina la Kifaransa lasema "kuzingirwa", kama mji uliozungukwa na adui, na wasemaji wa Kiswahili wa huko hulitamka jina hilo la Kifaransa lilivyo. Wamefanya kama Wakikuyu walivyofanya.

Shauri langu ni kwamba tusitafute neno moja, kwa kuwa mambo ni mawili, na Kiingereza ndicho kilichoyachanganya. Kuna jambo lililoifikia nchi, kama vita, gharika, au maradhi; na kuna nguvu ambazo serikali yajitwalia kwa sababu ya jambo hilo. Kiingereza huita yote mawili "emergency", na katika mchanganyiko huo la kwanza hulificha la pili. Sisi tuna maneno mawili ya kutosha. Jambo lililoifikia nchi na liitwe hali ya hatari, ikiwa kweli ni hatari, na mwandishi aongeze ni hatari ya nini na kwa nani. Nguvu zinazotwaliwa ziitwe madaraka ya dharura, na kitenzi chake kisiwe kutangaza bali kutwaa au kujipa, kwa kuwa ndicho kinachotendeka.

Katiba zetu zimekaribia njia hii bila ya kuifika. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 32, humpa Rais madaraka ya kutangaza hali ya hatari, na yataka azimio la Bunge la theluthi mbili ya Wabunge wote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 58, yaweka siku 14 tu, kisha theluthi mbili ya Bunge la Taifa kwa nyongeza ya kwanza na robo tatu kwa zinazofuata, na kila nyongeza isizidi miezi 2. Hesabu hizi ni za kipimo kabisa. Ni ule mkono wa mtu wa nyikani uliopimwa. Yaani maana ya dharura imekwisha kuingia katika sheria, ila imeandikwa chini ya kichwa cha habari cha hatari. Sitarajii kwamba katiba zitabadilishwa kwa ajili ya makala moja ya lugha. Lakini walimu na waandishi wa historia hawahitaji theluthi mbili ya Wabunge ili kuandika vizuri.

Katika vitabu vya kusomea huonekana sentensi ya namna hii: mwaka 1952 hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya kwa sababu ya Mau Mau. Hakuna uongo ndani yake ambao mtu angeweza kuukamata kwa kidole. Lakini kitenzi ni cha kutendwa na mtendaji hayumo, hatari imekuwa na mwanzo usiokuwa na mwisho, na sababu imetolewa kama mwenye kuitoa alivyopenda itolewe. Yaweza kuandikwa hivi: tarehe 20 Oktoba 1952 gavana Mwingereza, Evelyn Baring, alitwaa madaraka ya dharura katika Kenya ili kupigana na Mau Mau, na serikali yake ikayashika mpaka tarehe 12 Januari 1960, Wakenya wengi huuita wakati huo Emajensi. Sentensi hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na mtoto wa darasa la saba ataweza kuuliza kwayo maswali mawili ambayo ile ya kwanza haikumwachia nafasi: ni nani aliyempa, na kwa nini yalikaa muda mrefu hivyo.